Lango la Tatu

Nyuso sizikumbuki. Niulize vifundo vya mikono.

Ijumaa ya mwisho wa Februari, mshahara umeingia,
mji umekaangwa tangu asubuhi kama viazi karai,
na sasa, saa mbili unusu usiku,
lami bado inatema joto ililolimeza mchana.
Mimi niko lango la tatu, uwanja wa nyuma ya stesheni ya reli:
kiti cha plastiki, tochi, boksi la vikanda.
Vya chungwa kwa watu,
vya zambarau kwa watu wazito,
kimoja cha kijani kwangu,
kisichofungua chochote ila choo cha wafanyakazi.

"Nyoosha mkono."
Huja mkono uliopakwa mafuta ya nazi hadi kiwiko.
Huja mkono wenye alama ya saa iliyowekwa rehani.
Mkono wa fundi wa Gikomba, sindano imeuchorachora.
Mkono wa msichana, mshipa unadunda kama kifaranga kwenye yai.
Namwambia, tulia, muziki haujaanza.
Ananong'ona, si muziki, ni huyo wa nyuma yangu.
Natazama wa nyuma yake. Anasoma simu iliyozima.
Nawafunga vikanda vinavyofuatana,
0417, 0418.
Kazi yangu huishia hapo.

Halafu mkono ninaoujua.
Chaki haitoki; hujificha kwenye mikunjo ya kidole gumba.
Mwalimu Ondimu, Hesabu, Kidato cha Tatu Mashariki,
ndani ya shati lenye maua makubwa kama sahani.
Yule aliyeniuliza mbele ya darasa zima,
"Kavata, wewe na sifuri mmeoana lini?"

Ananitazama. Namtazama.
Huko ndani wanajaribu spika: moja, mbili, moja, mbili,
hata mafundi hawafiki tatu.
"Usikaze sana," anasema.
"Shikamoo," nasema. Imenitoka tu,
na foleni yote inaangua kicheko,
maana nani huamkia watu langoni mwa dansi?
"Marahaba," anajibu chinichini,
kama mtu anayelipa deni gizani.

Kutoka langoni huoni jukwaa. Unaona ufa,
kati ya hema la bia na jenereta,
upana wa mtu mmoja na nusu.
Saa sita, bendi ya wazee imeshika rumba,
katika ufa huo akapita Mwalimu,
peke yake, macho kafumba,
bega la kushoto likihesabu, kiuno kikikokotoa,
miguu ikigawanya vumbi bila baki.
Sijawahi kuona jibu lililo sahihi namna ile.
Akatoka kwenye ufa. Akarudi. Akatoka.
Nikausahau mkono wa mtu hewani
hadi mwenyewe akakohoa: "Dada, na mimi je?"

Saa kumi alfajiri Nairobi hukumbuka ghafla
kwamba ni mji wa nyanda za juu.
Wenye magauni ya mgongo wazi wanaazima makoti ya walinzi.
Moshi wa nyama umebaki bila nyama.
0417 amebeba viatu mkononi.
0418 simwoni. Usiniulize,
mimi ni wa kuingiza tu.

Mwalimu akasimama mbele yangu,
jasho limemchora ramani kifuani.
Nikachukua makasi.
"Wacha," akasema. "Hiki wacha."
Akavuta mkono wa shati akifunike,
na shati lenyewe la mikono mifupi;
akavuta hewa.

Jumatatu, mdogo wangu Munyao katoka shule:
Mwalimu Ondimu kashinda na sweta nzito, kwa joto hili!
Alipoinua mkono kuchora duara ubaoni
kitu cha chungwa kikachungulia.
Darasa zima liliona. Hakuna aliyethubutu.
"Ni bandeji?" akaniuliza.

Nikamwongezea sukuma.
"Hiyo mada iko mbele," nikamwambia. "Hamjafika."